Mheshimiwa Hapewi Kisogo

Nchi yenyewe sitaitaja. Kulitaja jina lake bila kibali ni kosa, na kibali hutolewa na ofisi ambayo hakuna aliyewahi kuukuta mlango wake wazi. Wanaoijua wataijua tu. Itoshe kusema kwamba ni nchi yenye adabu kuliko zote zinazopakana nayo, na adabu yake imesimama juu ya kanuni moja ambayo mtoto hufundishwa kabla hajaachishwa ziwa: Mheshimiwa hapewi kisogo. Akisema, atazamwe usoni. Akipita, watu wageuke naye mpaka vumbi la msafara wake litulie. Akiagana nao, warudi kinyumenyume. Wapo raia wema waliotumbukia visimani kwa kurudi kinyumenyume, nao walizikwa kwa heshima zote, na Mheshimiwa alituma salamu za rambirambi kwa wafiwa na za pongezi kwa kijiji.

Kanuni hiyo ina faida yake. Watu wakimtazama Mheshimiwa hawaoni kilicho migongoni mwao, na kila ambacho nchi ile haitaki kionekane, tangu ilipopata bendera, kimewekwa huko. Zahanati zisizo na paa ziko migongoni mwa watu. Visima vilivyokauka viko huko huko. Siku ya ziara, mawe ya kando ya barabara hupakwa chokaa, miti hukatwa porini na kuchomekwa ardhini ikiwa bado na majani mabichi, ng'ombe wanono huazimwa kijiji cha jirani, na vibovu vyote husombwa hadi upande wa pili wa umati. Funika kombe mwanaharamu apite. Mheshimiwa peke yake ndiye anayeviona, maana yeye ndiye anayetazama upande huo. Hajawahi kuvisema. Labda hupitiwa.

*

Bi Nyamizi alikuwa mjane wa kijiji cha Kitopeni, na alikuwa na saratani ya titi. Aliificha kwa kanga na kwa vicheko mpaka siku mke mwenzake, Bi Kabula, alipomvamia bafuni akamwona.

"Mficha maradhi kilio humfichua," Kabula alimwambia. "Na mimi machozi ya kukulilia wewe sina. Vaa, twende."

Wanawake hao wawili walikuwa wamegombana nusu ya umri wao kwa ajili ya mume mmoja. Mume alipokufa wakagundua kwamba hawana mtu mwingine anayewajua vizuri kiasi cha kugombana naye, wakahamia nyumba moja. Ilikuwa nyumba ya udongo na mabati, yenye mlango wa buluu na baraza iliyotazama Kilima cha Punda. Uani palikuwa na mpera, kuku wasiojua mipaka, na mafiga matatu ambayo Bi Nyamizi alipewa na mama yake siku alipoolewa. Kila asubuhi walikaa barazani kunywa uji na kutukanana, na kila mmoja aliamini kwamba angekufa kwanza ili amkomoe mwenzake.

Katika Hospitali Kuu, Bi Nyamizi aliwekewa kile ambacho wagonjwa wote walikiita dripu nyekundu. Iliingia polepole, mshipa ukiwaka kama umepakwa pilipili, na mdomoni ikaacha ladha ya misumari. Kisha yalikuja matapishi. Dawa ya kuzuia kutapika ilikuwapo katika hotuba ya bajeti, lakini kwenye rafu haikuwapo. Kwa hiyo kilichomsaidia kilikuwa Kabula, ambaye kila siku ya dripu alitoka Kitopeni alfajiri, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa kando ya kitanda, akamshikia beseni na kumsema.

"Tapika kama mtu mzima. Hata kutapika nikufundishe?"

Bi Nyamizi alikuwa akitaka kumjibu, na katika kutafuta jibu dakika mbili tatu zilipita bila yeye kuusikiliza mkono wake.

Ndipo wageni kutoka mbali walipoleta miwani. Ilikuwa minene, imefungwa kichwani kwa mkanda, na aliyeivaa alijikuta mahali pengine kabisa: akitazama juu anaona mbingu ya huko, akigeuka anaona yaliyo nyuma yake. Sista Eufrazia, muuguzi wa wodi, alimvalisha Bi Nyamizi siku Kabula alipochelewa. Bi Nyamizi akajikuta chini ya maji, na samaki wakubwa kuliko nyumba wakimpita bila haraka, wakimtazama kwa jicho moja moja. Aliwafuata kwa shingo huku na huku. Baadaye akasikia mtu akimvua miwani.

"Mbona unanitoa? Tuanze kwanza hiyo dripu."

"Imeisha, bibi," alisema Sista Eufrazia.

Bi Nyamizi akalia. Hakulia kwa uchungu. Alilia kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kwa chombo chochote kilichopita mikononi mwa serikali kumpunguzia kitu bila kumwongezea kingine.

"Samaki wenu wazuri," alisema alipotulia. "Ila mimi si mtu wa maji. Kitopeni hamna humu? Uani kwangu tu. Nimwone na huyo mchawi wangu akifukuza kuku."

Sista Eufrazia alicheka, kisha akafikiri, kisha akamwambia daktari. Daktari akamwambia mkuu wa hospitali. Neno likapanda ngazi hadi wizarani, na katika nchi ile neno likishapanda ngazi halishuki likiwa lile lile.

*

Waziri wa Afya na Mandhari wakati huo alikuwa Mheshimiwa Profesa Mtukusi. Afya na mandhari ziliwekwa katika wizara moja baada ya utafiti kuonyesha kwamba hospitali nyingi hupendeza zikitazamwa kutoka mbali. Mheshimiwa aliposikia habari za samaki alikasirika, akawaita waandishi wa habari.

"Ndugu wananchi," alisema, "najiuliza, na ninyi mjiulize. Kwa nini mgonjwa wetu aumwe kizalendo halafu apoe kwa samaki wa kigeni? Je, sisi hatuna mandhari? Hatuna vilima? Hatuna vijiji vilivyonyooka? Kuanzia leo, maumivu yote ya ndani yatatulizwa kwa mandhari ya ndani. Tutaanza na kijiji cha mama huyu mpendwa, mama... mama huyu. Nami mwenyewe nitakuwamo katika picha, ili mgonjwa ajue hayuko peke yake."

Makofi yalipigwa. Jioni hiyo hiyo miwani yote ilikusanywa ikafungiwa stoo, kwa kuwa ilikuwa haijazinduliwa, na katika nchi ile kitu kisichozinduliwa hakiruhusiwi kumsaidia mtu. Dripu iliyofuata Bi Nyamizi aliipata bila samaki. Alitapika mpaka hakubaki na cha kutapika, na Kabula akamshikia beseni akiitukana Wizara kwa majina ya viungo vya mwili, kimoja baada ya kingine, mpaka akavimaliza.

*

Baada ya hapo Mkuu wa Wilaya ya Kitopeni, Bwana Chitumbi, alifika wodini na msafara. Kabula alikuwa amerudi nyumbani kuangalia kuku. Bwana Chitumbi aliletewa kiti, akaketi karibu na kitanda kuliko ofisa yeyote alivyowahi kuketi, na kwa sauti laini akasema:

"Mama, tumekuja kukusikiliza. Tueleze nyumbani kwako kulivyo. Usiache kitu."

Bi Nyamizi hakuwahi kuulizwa swali zuri namna hiyo. Moyo wake ukafunguka akaeleza yote. Akaeleza nyumba ya udongo iliyopinda kidogo upande wa jua. Akaeleza mabati yenye kutu ambayo mvua ikinyesha hupiga ngoma. Akaeleza mpera uliokatika tawi, choo cha makuti, mafiga matatu yenye masizi ya miaka yote. Na mke mwenzangu, akasema, mguu mmoja mfupi, jino moja mbele, kanga haivuliwi mpaka ichanike yenyewe, mdomo kama kisu cha kuparia samaki. Alieleza huku akitabasamu.

Bwana Chitumbi alikuwa akitikisa kichwa kwa huruma kubwa, akimgeukia msaidizi wake kila baada ya kitu kimoja kuhakikisha kwamba amekisikia.

"Pole sana, mama," alisema mwishoni. "Kumbe hali ni mbaya hivyo. Hayo yote tutayashughulikia."

"Mungu akubariki, baba."

Kisha fundi aliyetumwa na Wizara akaifungua kamera ya kupigia picha za miwani, awaonyeshe wakubwa. Ilikuwa duara kama chungwa, na vioo vidogo pande zote. Bwana Chitumbi aliizunguka, akaizunguka tena.

"Kisogo chake kiko upande gani?"

"Haina, mzee. Inaona pande zote kwa pamoja."

"Naelewa kwamba inaona. Nauliza isikoona ni wapi."

"Hakuna isikoona."

Watu wa msafara walitazamana kama walioambiwa kwamba mfereji wa maji machafu utapita sebuleni. Utawala mzima wa wilaya ulitegemea kuwapo kwa upande wa pili. Bwana Chitumbi alipangusa paji la uso, akawaza, na taratibu rangi ikamrudia.

"Haidhuru," alisema. "Kamera iangalie itakako. Mheshimiwa si atakuwamo katika picha? Basi. Ni mgonjwa gani wa nchi hii atakayempa kisogo?"

Wote wakacheka kwa faraja. Bi Nyamizi naye alicheka, kwa sababu wageni wakicheka mwenyeji hucheka.

*

Siku ya dripu iliyofuata Kabula hakuja. Bi Nyamizi alisema amenuna; walikuwa wamekosana kidogo juu ya kuku mmoja mweupe. Akampigia simu, simu haikupatikana. Akasema chaji imekwisha. Siku zikapita, simu ikawa vile vile, na Bi Nyamizi akaacha kutoa sababu. Alianza kukitazama kila kivuli kilichopita mlangoni. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alimwona akiisogeza ile ndoo iliyopinduliwa iwe karibu zaidi, ili atakayekuja aikute.

Dripu yenyewe ilikuwa imeahirishwa. Wizara iliomba isubiri uzinduzi, ili utepe na sindano viende pamoja mbele ya televisheni. Daktari alisema kuchelewesha dripu si vizuri. Wizara ikajibu kwamba kumchelewesha Waziri ni vibaya zaidi. Uvimbe, ambao haukuwa umealikwa kwenye kikao, uliendelea na ratiba yake.

Hatimaye siku ikafika. Kuta za wodi zilipakwa rangi hadi pale ambapo kamera za televisheni zingefika, na si kidole kimoja zaidi. Wagonjwa waliokonda sana walihamishiwa jengo la nyuma, wakabaki waliokonda kiasi. Skrini kubwa iliwekwa ukutani ili wageni waalikwa waone kile ambacho mgonjwa atakuwa anakiona. Bendi ya wanajeshi ilibanwa kati ya choo na mlango wa dharura. Mheshimiwa Profesa Mtukusi akasimama kando ya kitanda cha Bi Nyamizi, mgongo wake ukiwa kwenye skrini na uso wake ukiwa kwa watu, akahutubia mpaka wapiga tarumbeta wakaanza kubadilisha miguu. Mkasi ukaletwa. Utepe uliokuwa umefungwa kwenye mti wa dripu ukakatwa. Sista Eufrazia akamvalisha Bi Nyamizi miwani, akautafuta mshipa, na sindano ikaingia.

Bi Nyamizi alijikuta amesimama mahali peupe, safi, asipopajua.

Mbele yake alisimama Mheshimiwa yule yule, juu ya nyasi zilizonyolewa, mkono mmoja umeinuliwa. Kulia kwake msichana mrembo katika kitenge kilichokuwa bado na mikunjo ya dukani alikuwa akitwanga kinu kitupu na kutabasamu. Kushoto, ng'ombe wanono watatu. Njia iliyopangwa mawe meupe ilitoka miguuni mwa Mheshimiwa ikapita kati ya miti ambayo haijawahi kuota Kitopeni.

"Karibu nyumbani, mgonjwa," alisema Mheshimiwa wa ndani ya miwani.

"Hapa si kwetu," alisema Bi Nyamizi.

Lakini juu ya bega la Mheshimiwa palikuwa na kilima, na kilima hicho kilikuwa na mgongo uliobonyea katikati. Alikitazama. Kilikuwa Kilima cha Punda. Mtu anaweza kuazima ng'ombe, kilima hakiazimwi. Na kama kilima kiko mbele yangu namna hii, aliwaza, basi nimesimama mbele ya baraza yangu, na nyumba yangu, ambayo uso wake umeelekea kilimani, iko nyuma yangu.

Bi Nyamizi hakukusudia kumdharau mtu. Alitaka kuona nyumbani. Akageuka.

Wageni waalikwa walishtuka kwa pamoja. Tangu nchi ile ipate bendera, hapakuwa na raia aliyekuwa ameonekana hadharani akifanya jambo hilo. Na baada ya kuona kwamba mbingu haikuanguka, wakaona kilichokuwa upande wa pili.

Nyumba ilikuwapo. Ilikuwa imepinda kidogo upande wa jua, mlango wa buluu uko wazi. Barazani alisimama Kabula, mikono kiunoni, akiongea. Kamera ilikuwa mbali, maneno hayakusikika, lakini Bi Nyamizi alijua anasema nini. Alikuwa ameyasikia maneno hayo nusu ya umri wake. Mbele ya Kabula lilikuwapo tingatinga la manjano. Lilipaswa kufika na kumaliza kazi siku moja kabla ya Mheshimiwa kuja kupigwa picha, lakini dizeli yake ilipotea njiani kama dizeli ya nchi ile ipendavyo, na Mheshimiwa hangeweza kusubiri. Bwana Chitumbi akaamuru kazi iendelee kimyakimya upande wa pili, kama siku zote.

"Kwani mgonjwa anahitaji nini, ndugu zangu," ilisema sauti ya Mheshimiwa masikioni mwa Bi Nyamizi, "zaidi ya kujua kwamba nyumbani kwake kuko salama?"

Wanaume wawili walimnyanyua Kabula, mmoja kwapani na mwingine miguuni. Kandambili yake moja ilianguka mlangoni. Wakamtupia nyuma ya lori ambamo walikuwa wameketishwa vikongwe wengine, vilema, na mtu mmoja ambaye kosa lake lilikuwa kuvaa shati lenye nembo ya chama kilichoshindwa. Kisha tingatinga likaegemea ukuta. Ukuta ulipinda, mabati yakajikunja, mpera ukalala. Mlango wa buluu ulisimama peke yake kidogo, kama mtu ambaye hajaambiwa, halafu nao ukaenda.

Bi Nyamizi alikaza vidole kwenye shuka. Katikati ya vumbi alitokea kibarua mwenye ndoo ya chokaa. Akayaokota mafiga, moja, jingine, na jingine, akayapaka haraka, akatambaa nayo hadi mbele. Bi Nyamizi alimfuata kwa shingo, na skrini ikamfuata. Kibarua akayapanga mwisho wa ile njia ya mawe meupe, palipokuwa na pengo, karibu kabisa na viatu vya Mheshimiwa. Masizi yalikuwa yakichungulia chini ya chokaa.

Hapo ndipo alipomtazama Mheshimiwa usoni kwa mara ya pili, na ndipo alipoelewa. Mheshimiwa hakuwa akisoma karatasi. Macho yake yalikuwa wazi, yameelekea moja kwa moja pale ambapo yeye ametoka kupatazama. Alikuwa ameliona tingatinga. Alikuwa amemwona Kabula akibebwa kama gunia. Aliyaona yote kuanzia mwanzo hadi mwisho, na hakukatiza sentensi, na hakuacha kutabasamu.

Wodini, wageni walikuwa katika mtihani mgumu. Skrini ilikuwa nyuma ya Mheshimiwa wa kweli, kwa hiyo kumtazama yeye na kuitazama skrini ilikuwa karibu jambo moja, na hawakujua adabu inasemaje. Wakachagua kuitazama tai yake. Mheshimiwa, ambaye hakuwa na macho kisogoni, aliona tai yake inatazamwa kwa hisia, akafurahi. Akaichukua maikrofoni.

"Mama, waambie wananchi. Sindano inauma?"

Machozi yalikuwa yakitoka chini ya miwani, yakishuka mpaka shingoni. Bi Nyamizi alijisikiliza mkono. Aliusikiliza kwa makini, maana alikuwa mtu mkweli.

"Sindano siisikii, Mheshimiwa," alisema. "Siisikii kabisa."

Makofi yalitikisa madirisha. "Mmesikia wenyewe," alisema Mheshimiwa.

"Kabula mmempeleka wapi?"

Lakini maikrofoni ilikuwa imeshaondoka, na bendi ilikuwa imeshaanza.

*

Kabula alifika siku ya tatu baada ya uzinduzi, na kandambili moja. Walikuwa wamewekwa katika shule ya wilaya nyingine mpaka hatari ya wao kuonekana ilipopita, kisha mlango ukafunguliwa wakaambiwa waende makwao. Alifika kitandani, akaikuta ndoo mahali pake, akaketi. Walitazamana muda mrefu bila tusi hata moja, na wodi nzima ikaogopa.

"Kuku je?" Bi Nyamizi aliuliza.

"Waliliwa na waliokuja kulinda usalama."

"Na yule mweupe?"

"Yule alikuwa wangu."

"Alikuwa wangu, Kabula."

Wakashikana mikono, na hapo Kabula, ambaye machozi ya kumlilia hakuwa nayo, akayapata.

Bwana Chitumbi aliitwa kujibu malalamiko, na alijibu kwa upole uleule. "Nyumba gani, mama? Tumeitazama picha rasmi yote, kuanzia Mheshimiwa hadi Mheshimiwa. Hakuna nyumba iliyovunjwa. Kitopeni ni bustani. Nani anajenga nyumba bustanini?" Na mafiga? Mafiga yalikuwa sasa mandhari ya taifa, na kuyagusa kungekuwa hujuma.

Serikali haikulipuuza jambo lile. Iliunda Tume ya Uchunguzi wa Shingo, nayo Tume ikagundua kwamba miwani ilifanya kazi kwa mafanikio makubwa: mgonjwa alikiri mbele ya taifa kwamba hakuisikia sindano. Kasoro iliyojitokeza ilitokana na shingo ya mgonjwa kutumiwa vibaya. Kwa hiyo ikaagizwa kola ngumu ya plastiki, kuanzia mabegani hadi kidevuni, na kila mgonjwa wa saratani alifungwa kabla ya kuvalishwa miwani, atazame mbele. Dawa ya kuzuia kutapika ilisogezwa bajeti ijayo ili kola zinunuliwe. Watu walitapika ndani ya kola. Yaliandikwa magazetini kuwa maendeleo, na walioandika walijua wanachoandika, na laana iwafuate.

*

Dripu ya mwisho ya Bi Nyamizi ilipokaribia, daktari alimwambia kwa furaha kwamba akimaliza ataruhusiwa kurudi nyumbani. Kisha akakumbuka, akajishughulisha na kalamu yake.

Siku hiyo Kabula alikuwa kwenye ndoo yake, na beseni magotini. Sista Eufrazia aliifunga kola, akaikaza kama ilivyoagizwa, akachukua miwani.

"Bibi, nisikuvalishe kama hutaki. Nitasema umevaa."

"Nivalishe," alisema Bi Nyamizi. "Ila nigeuzie kitanda."

"Nini?"

"Shingo mmeifunga. Kitanda kina magurudumu."

Sista Eufrazia alitazama mlangoni, ambako ofisa wa mandhari alikuwa amesimama na bango la Mheshimiwa mkononi. Kisha akainama, akafungua breki za kitanda kwa mguu, na akakigeuza chote, mgonjwa, dripu, na mke mwenza akisogea na ndoo yake, mpaka miguu ikawa kilikokuwa kichwa. Ofisa akauliza kulikoni. Sista akasema upepo.

Bi Nyamizi alivalishwa miwani. Sauti ya Mheshimiwa ilianza kumkaribisha, lakini ilitokea mbali, mgongoni. Mbele yake ilisimama nyumba iliyopinda upande wa jua, mlango wa buluu uko wazi, na mafiga matatu uani, meusi.

Mgonjwa wa kitanda cha jirani, aliyekuwa amefungwa kola naye, aliita kwa sauti ndogo. "Sista. Na mimi nigeuzie." Mwingine wa dirishani akaita. Magurudumu yakaanza kulia wodi nzima.

"Unaona nini?" Kabula aliuliza.

"Umesimama barazani. Umenuna."

"Sijanuna. Jua lilikuwa machoni."

"Umenuna, Kabula. Na hapo mlangoni hujafagia."

"Ningefagia saa ngapi na watu wale?" Kabula alimfuta mdomo kwa ncha ya kanga. "Na lile dude liko wapi?"

"Linakuja. Bado halijafika."

Dripu nyekundu ilikuwa ikishuka tone kwa tone. Mkono wa Bi Nyamizi uliotulia juu ya shuka ukainuka, ukamtafuta Sista hewani mpaka ukampata.

"Limefika," alisema. "Rudisha mwanzo, mwanangu."

Sista Eufrazia akarudisha mwanzo.